Trela Ndogo ya Kambi: Ekseli Moja au Mbili? Mwongozo kwa Anayeanza

Karibu kila mtu anayeagiza trela yake ya kwanza ya kambi hapa Arusha na Moshi huuliza maswali yale yale: ekseli moja, yaani mhimili mmoja wenye gurudumu kila upande, inatosha, au afadhali mbili? Je, ni kweli kwamba moja itakatika njiani? Ekseli mbili zinabeba mara mbili? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana gari la kuvuta na anajua atakavyoitumia trela yake, lakini bado hajampa fundi fedha za kununulia chuma. Umelenga trela ndogo, yaani ile yenye boksi la vifaa, jiko la droo na hema la juu, au kibanda kidogo cha kulala watu wawili, ambayo hata ikijazwa haizidi tani mbili na nusu.

Uamuzi huu hutokana na mambo matatu: uzito wa trela ikiwa imejaa, barabara utakazopita, na mahali trela itakapolala ukiwa hujasafiri. Trela nyingi za aina hii zinahitaji ekseli moja nzuri, matairi ya ukubwa ule ule wa gari, na breki zinazoshika. Ekseli ya pili ina thamani yake, na nitaeleza ni wapi, lakini chini ya uzito fulani mwenye trela hununua matairi mawili, haba mbili (sehemu za ncha za ekseli ambako rimu hufungwa kwa bolti) na beringi nne za ziada ambazo atazihudumia miaka yote bila kupata faida inayolingana na gharama.

Tofauti kwa ufupi

Trela ya ekseli moja ni nyepesi, ni rahisi kurudisha nyuma na kusukuma kwa mkono, na ina vitu vichache vya kuharibika. Udhaifu wake ni kwamba upangaji mbaya wa mizigo huonekana mara moja barabarani, na tairi likipasuka upande mmoja hakuna jingine la kushikilia. Trela ya ekseli mbili hutulia zaidi katika mwendo wa kasi, hugawa uzito kwa matairi manne, na hukuwezesha kufika mahali salama tairi moja likipasuka. Udhaifu wake ni uzito, gharama, matairi yanayosuguka kwenye kona kali, na ugumu wa kuisogeza bila gari.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari lako, au mtu wa kuaminika wa kukusomea, ili ujue gari linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi trela ikiwa na breki, kilo ngapi bila breki, na kilo ngapi zinaweza kuegemea kwenye kiungio cha nyuma, yaani pale trela inapounganishwa na gari.
- Ukubwa wa matairi ya gari, idadi ya bolti za rimu, na umbali kati ya katikati ya tairi la nyuma la kushoto na la kulia.
- Futi ya chuma, chaki, uzi mrefu usiovutika, na pimamaji.
- Mizani ya jukwaa kama ile ya wanunuzi wa mahindi au wa chuma chakavu, pamoja na ruhusa ya kutumia mizani ya magari kwenye ghala au kinu.
- Daftari. Kila namba utakayoipata iandike humo, kwa sababu fundi ataihitaji tena na tena.

Hatua kwa hatua

1. Pima uzito wa vitu vyako.

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Toa vitu vyote utakavyosafiri navyo, uviweke kwenye mizani kimoja kimoja au kwa mafungu, na uandike. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Lita 20 za dizeli ni takriban kilo 17 bila dumu. Mtungi wa gesi wa kilo 15 una kilo 15 za gesi tu. Chuma cha mtungi kinakaribia uzito huo huo, kwa hiyo hesabu kama kilo 30.

Huu ni mfano wa trela ya familia ya watu wanne. Chesisi pamoja na ekseli moja na matairi yake ni kilo 400, boksi na droo za jiko 280, hema la juu 65, maji 100, friji na betri 60, mtungi wa gesi 30, madumu mawili ya dizeli 42, vyakula, vinywaji na vyombo 110, magodoro, viti, meza na zana 90, na tairi la akiba 35. Jumla ni kilo 1,212. Ongeza asilimia 15, kwa sababu hakuna familia inayosafiri na vitu pungufu ya ilivyopanga, na utapata takriban kilo 1,400. Hiyo ndiyo namba ya kumpa fundi.

Tahadhari: usichukue uzito wa trela tupu na kuuita uzito wa trela. Watu wengi hufanya hivyo, hununua ekseli inayotosha kubeba chesisi na boksi, kisha hushangaa springi zinapolala siku ya kwanza ya kujaza maji.

2. Linganisha na uwezo wa gari.

Ulaya na Australia, trela inayozidi kilo 750 haivutwi bila breki zake yenyewe, na sababu yake ni ya kimaumbile, haitegemei nchi uliyopo. Tumia mpaka huo huo hapa. Kisha hakikisha kwamba uzito ulioupata katika hatua ya kwanza upo chini ya kile ambacho kitabu cha gari kinaruhusu, na kwamba asilimia 10 ya uzito huo inaweza kuegemea kwenye kiungio bila kuzidi kikomo chake. Katika mfano wetu, hiyo ni kilo 140.

Kumbuka kwamba kilo hizo 140 zinalibana gari kwa nyuma, juu ya abiria na mizigo iliyomo ndani. Gari la kitalii lililorefushwa, lenye paa la kufunguka na viti vingi, tayari limeshabeba sehemu kubwa ya uwezo wake kabla ya kuunganishwa na chochote.

3. Pitia barabara zako, moja baada ya nyingine.

Andika safari unazokusudia, kisha jiulize kila moja ina kilomita ngapi za lami na ngapi za vumbi. Kutoka Arusha hadi Karatu kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu ni lami, na hapo adui yako ni mwendo wa kasi, upepo wa malori na mabasi yanayokupita, pamoja na matuta ya vijijini. Lakini ukiiacha barabara hiyo Mto wa Mbu ukaelekea Engaruka na Ziwa Natron, utakutana na vumbi, mchanga, mawe na makorongo, na kule mwendo ni mdogo kiasi kwamba utulivu wa ekseli mbili hauna kazi kubwa ya kufanya.

Kwenye mchanga na tope, jambo linalosaidia zaidi ni matairi ya trela kupita juu ya nyayo za matairi ya gari. Gari hugandamiza njia, na trela hufuata. Ndiyo maana nimekuambia upime umbali kati ya matairi yako ya nyuma. Trela yenye upana tofauti na gari hulazimika kujichimbia njia yake upya, na gari hulipa gharama hiyo kwa mafuta na klachi. Katika udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, matairi manne yanakupa eneo kubwa zaidi la kukanyaga, lakini tope likishajaa kati ya tairi la mbele na la nyuma, hugeuka kuwa breki ambayo hukuiomba. Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni za njia za vumbi na trela yake ni nyepesi, naona ekseli moja ni bora bila ubishi mwingi.

Upande wa Moshi kuna jambo jingine. Barabara za Kibosho, Uru na Machame zinapanda, ni nyembamba, na nyingi zimebanwa na uzio wa masale pande zote mbili. Ukikutana na gari jingine, mmoja wenu atarudi nyuma. Trela fupi ya ekseli moja hugeuka haraka sana inaporudishwa nyuma, jambo ambalo huwatisha wanaoanza, lakini huingia mahali ambapo trela ndefu ya ekseli mbili haiwezi kuingia kabisa. Ya ekseli mbili hurudi kwa utulivu na kukupa muda wa kusahihisha usukani, ila huhitaji nafasi.

4. Pima lango na uwanja wa nyumbani.

Pima upana wa lango, umbali kutoka lango hadi mahali trela itakapokaa, na mwinuko wa uwanja. Ikiwa gari linaweza kuiingiza trela moja kwa moja mpaka mahali pake, hatua hii haina uzito kwako. Ikiwa ni lazima uifungue na kuizungusha kwa mkono, trela ya ekseli moja yenye gurudumu dogo la mbele, juu ya sementi iliyo sawa na ikiwa imepunguzwa mizigo, hugeuzwa na watu wawili au watatu. Ya ekseli mbili haigeuki kwa mkono. Itasogea mbele na nyuma tu.

Sababu yake utaiona ukisimama kando ya trela ya ekseli mbili inapokatwa kona kali uwanjani. Tairi la mbele linasukumwa kuelekea upande mmoja na la nyuma upande mwingine. Ubavu wa tairi unapinda mpaka unatokeza nje ya rimu, unabaki hivyo kwa muda, kisha mpira unaachia na kuteleza kwa mkwaruzo unaosikika. Kwenye changarawe unabaki mfereji, na kwenye sementi alama nyeusi. Mkwaruzo huo huo hutokea kila unapogeuza trela katika eneo dogo, na mzigo wake unabebwa na matairi, beringi na vishikio vya springi. Uwanja wako ukikulazimisha kona kali kila siku, hesabu kwamba matairi yatabadilishwa mapema.

5. Fanya uamuzi.

Sasa una namba zote. Uzito uliojaa ukiwa chini ya kilo 1,500, chagua ekseli moja. Ukizidi kilo 2,000, chagua mbili. Kati ya hapo, jibu linatoka katika hatua ya tatu na ya nne: ikiwa trela ni ndefu, inapita lami kwa sehemu kubwa na ina mahali pa wazi pa kuegeshwa, nenda na mbili; ikiwa ni fupi, inakwenda porini na inalala kwenye uwanja mdogo, baki na moja, ila iwe na uwezo wa kilo 2,000 au zaidi kama ilivyoandikwa na mtengenezaji.

Mipaka hii ni maoni yangu na si sheria, na wapo mafundi wazuri watakaoisogeza juu au chini kidogo. Nisichokubaliana nacho ni kuweka ekseli mbili dhaifu mahali pa moja imara kwa kuwa zimepatikana kwa bei nafuu. Ekseli mbili hubeba mara mbili pale tu uzito unapogawanyika sawasawa, na usipogawanyika, moja kati ya hizo dhaifu hujikuta peke yake.

6. Chagua matairi kabla ya ekseli.

Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ndiyo mpangilio sahihi, kwa sababu haba ya ekseli ni lazima ilingane na rimu. Trela inayotumia rimu na tairi zile zile za gari hukupa matairi mawili ya akiba yanayoweza kutumika popote. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa baada ya mwaka 1999 kwa kawaida zina bolti tano kwenye duara la milimita 150, ilhali Hilux na Prado za kuvuta kwa magurudumu manne zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Mwambie muuzaji wa haba namba hiyo. Usimwambie tu kwamba unataka ya Toyota.

Soma pia namba ya uwezo iliyopo ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake. 100 humaanisha tairi moja hubeba kilo 800, 112 ni kilo 1,120, 116 ni kilo 1,250, na 120 ni kilo 1,400, tairi likiwa limejazwa upepo ipasavyo. Katika mfano wetu wa kilo 1,400, kiungio kinabeba 140, matairi yanabaki na 1,260, yaani 630 kila moja. Tairi lenye namba 112 linatosha na kubakiza nafasi kubwa. Trela ya kilo 2,300 kwa hesabu hiyo hiyo inaacha kilo 2,070 kwa matairi. Yakiwa mawili, kila moja linabeba 1,035, na hapo 112 imebanwa sana kwa barabara ya mashimo, lakini yakiwa manne kila moja linabeba chini ya 520. Hapa ndipo ekseli ya pili inapoanza kulipa.

Tahadhari: tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na bado limezeeka. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kutengenezwa huonyesha wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Trela husimama juani miezi mingi bila kutembea, hivyo mpira wake huchakaa kwa umri kabla kashata haijaisha.

7. Nunua ekseli na springi zinazoendana.

Kwa trela ya kambi katika barabara zetu, springi za mabamba ndizo ninazopendekeza kwa anayeanza, kwa sababu fundi yeyote wa springi, awe Arusha, Moshi au mji mdogo wa njiani, anaweza kubadilisha bamba lililovunjika. Ekseli za mpira wa ndani, ambazo mpira hufanya kazi ya springi, hukaa kimya na hazihitaji huduma nyingi, lakini zikiharibika porini hakuna wa kuzitengeneza.

Ukiweka ekseli mbili za springi za mabamba, kati ya springi ya mbele na ya nyuma ni lazima kuwe na kipande cha chuma kinachobembea kwenye pini, ambacho huhamisha uzito kutoka ekseli moja kwenda nyingine tairi linapopanda tuta. Bila hicho, kila tuta la barabarani hubebwa kwa sekunde moja na ekseli moja pekee. Mafundi wengine huchomelea springi nne moja kwa moja kwenye chesisi na kusema kazi imekwisha. Usiipokee kazi hiyo. Hakikisha pia pini ya kipande hicho ina bushi na mahali pa kuingizia grisi.

Nafasi kati ya ekseli mbili hutegemea tairi. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha karibu milimita 806, hivyo ekseli zikitenganishwa kwa milimita 880 utabaki na takriban 74 kati ya matairi, nafasi inayotosha kupitisha tope na kuruhusu springi kucheza.

Tahadhari tatu kuhusu ekseli yenyewe. Usitumie kasha la difu la gari kuukuu lenye gia zake ndani. Ni zito, linaning'inia chini katikati ya njia, na linabeba oili ambayo huna haja nayo. Usiruhusu ekseli ichomelewe katikati ili kurefushwa. Na ikiwa ekseli mpya ina mpindo mdogo katikati, mpindo huo unaelekea juu; ikifungwa kichwa chini, matairi yataisha upande wa ndani kwa muda mfupi.

8. Weka ekseli mahali pake.

Hapa pana hesabu moja ndogo. Ili asilimia 10 ya uzito iegemee kwenye kiungio, kitovu cha uzito wa trela, yaani pale ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unalingana, kiwe mbele ya ekseli kwa sehemu ya kumi ya umbali kati ya kiungio na ekseli. Umbali huo ukiwa mita 4, kitovu cha uzito kiwe sentimita 40 mbele ya ekseli. Kwa ekseli mbili, pima hadi kwenye pini ya kile kipande kinachobembea, si hadi ekseli ya mbele wala ya nyuma.

Panga vitu vizito, yaani tangi la maji, betri na droo za vyakula, chini na karibu na ekseli. Tangi likiwa mbali nyuma, litabadilisha uzito wa kiungio kila linapojaa na kupungua. Kisha, kabla fundi hajachomelea moja kwa moja, ashike kwa nukta chache tu, nawe uvute uzi kutoka katikati ya kiungio hadi ncha ya kushoto ya ekseli, halafu hadi ncha ya kulia. Vipimo viwili visitofautiane zaidi ya milimita 3. Kwa ekseli mbili, pima pia umbali kati ya ekseli zenyewe kwa pande zote mbili, nao uwe sawa. Kazi hii huchukua muda mfupi na huokoa matairi kwa miaka, lakini fundi mwenye haraka ataiacha usipokuwepo.

9. Amua breki.

Kuna breki zinazojikaza zenyewe trela inapolisukuma gari, na kuna breki za umeme zinazoendeshwa kutoka ndani ya gari. Za kwanza ni rahisi na zinatosha kwa trela nyepesi, ila kwenye mteremko mrefu, kama ule wa ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, zinabaki zimekaza muda wote na kupata moto. Shuka na gia ndogo tangu juu, usisubiri mpaka unuse harufu. Kwa trela ya ekseli mbili yenye zaidi ya tani mbili, chagua za umeme na uziweke kwenye magurudumu yote manne, pamoja na mnyororo wa usalama na kifaa cha kukaza breki trela ikichomoka.

10. Pima tena, kisha safiri karibu.

Jaza trela kama unavyosafiri, iegeshe mahali sawa, na uweke kiungio juu ya mizani ya jukwaa kwa urefu ule ule kinavyokaa kwenye gari. Halafu ipeleke kwenye mizani ya magari. Namba zikiwa mbali na zile za hatua ya kwanza, panga mizigo upya, au punguza. Kamilisha usajili wa trela TRA kabla haijaingia barabarani.

Safari ya kwanza iwe ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati zote za magurudumu, na bolti zinazoshika ekseli kwenye springi. Kila unaposimama, sogeza kiganja karibu na kila haba, kisha uiguse kwa haraka. Vuguvugu ni kawaida. Haba moja ikiwa na moto kuliko wenzake, kuna beringi iliyokazwa kupita kiasi, iliyokauka grisi, au breki inayokwama.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Trela inayumba kushoto na kulia.* Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama una breki za umeme zikaze za trela peke yake kwa mkono. Usiongeze mwendo kwa kudhani utainyoosha, na usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Ukishasimama, hamisha vitu vizito kutoka nyuma kwenda mbele ya ekseli, kwa kuwa mara nyingi kiungio kimekosa uzito.

*Ekseli ya nyuma imebeba kuliko ya mbele.* Weka pimamaji juu ya chesisi. Mbele ikiwa juu, uzito umekimbilia nyuma. Shusha kiungio cha gari mpaka trela ikae sawa. Kwa ekseli za mpira kosa hili ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna kipande kinachobembea cha kusawazisha.

*Tairi linaisha upande mmoja.* Rudia vipimo vya uzi vya hatua ya nane. Ukikuta viko sawa, angalia kama ekseli imepinda au imebeba kupita uwezo wake. Kwa ekseli mbili, kusuguka kidogo pande zote ni jambo la kawaida kwa anayegeuza mahali padogo.

*Trela inaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi.* Mara nyingi matairi yana upepo mwingi au springi ni ngumu kuliko mzigo. Punguza upepo kidogo na mwendo pia, na ukirudi kwenye lami ujaze tena. Ikiendelea, funga shokapu. Trela ya ekseli moja inayokwenda porini mara kwa mara inazihitaji.

*Tairi limepasuka.* Kwenye ekseli moja, simama mara moja mahali pa karibu palipo salama. Kwenye ekseli mbili, dereva anaweza asihisi chochote, na vipande vya tairi lililopasuka vikaanza kulipiga tairi jingine, kwa hiyo jizoeze kutazama vioo. Ukijua, nenda taratibu sana mpaka mahali pa wazi, kwani tairi lililobaki upande huo sasa linabeba mzigo wa mawili. Kama huna jeki ya kufaa, weka mbao nene mbele ya tairi zima la upande ule ule na uvute trela ipande juu yake. Tairi lililopasuka litaning'inia na utalibadilisha. Legeza nati kabla ya kupandisha, na trela ikishapanda weka mawe kwenye magurudumu ya upande wa pili.

*Trela inakataa kurudi nyuma kwenye mwinuko.* Breki zinazojikaza zenyewe hudhani trela inalisukuma gari. Tafuta kama zina kizuizi cha kurudia nyuma, ambacho wakati mwingine hufungwa kwa mkono kwenye kiungio, na ukumbuke kukifungua kabla ya kwenda mbele tena.